Bendi ilingoja mheshimiwa, mvua haikungoja

Mhariri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mvua inatunyeshea kila jioni huku na mimi nakuandikia nikiwa kwa kibanda changu pale Kibuye, kazi ni kidogo, maana msimu wa mvua magari hayachemki vile yanachemka mwezi wa pili na fundi wa radieta ndio hulala njaa. Kwa hivyo muda ninao, na hasira kidogo pia ninayo.

Wacha nijitambulishe kwanza ndio usifikirie ni mtaalamu anakuandikia. Mi si mwanamuziki. Nilizaliwa Maragoli kwa nyumba ya Jeshi la Wokovu, na mtoto wa Jeshi la Wokovu hata asipopuliza kitu anajua sauti ya koneti na ya tarumbeta akiwa ng'ambo ya mto, mimi mwenyewe nilipuliza teno hon miaka mitatu mpaka siku moja kwa mpira nikapigwa kiwiko, meno mawili ya mbele yakaenda, na bila meno ya mbele midomo haina mahali pa kuegemea, basi hiyo hon ikapewa mtoto mwingine na mimi nikaingia jua kali. Siku hizi natengeneza tu. Radieta na tuba ni ndugu, zote ni brasi iliyoungwa kwa risasi ya kuyeyusha, na tangu bendi ya mtaa wetu ijue hivyo wananiletea kila kitu kilichoanguka kutoka kwa bodaboda.

Sasa hiyo bendi ndio naandikia habari yake. Jumamosi moja mwezi wa nne walifanya onyesho la bure, wakiwa wamekaa kwa viti, na programu imeandikwa kwa karatasi, ya kusikilizwa. Jina lao sitalitaja maana hawajanituma, na jina la ukumbi pia naliacha maana nitausema vibaya mbele huko.

Msomaji wa Nairobi pengine atauliza onyesho la bendi ni ajabu gani. Huku kwetu ni ajabu. Bendi tunayo miaka mingi lakini kazi yake ni mbili, kuzika na kusindikiza wakubwa. Ukiwa kitandani Jumamosi asubuhi usikie tuba inatoka upande wa mochari hauulizi ni wimbo gani, unauliza ni nani. Na siku ya Madaraka ama Jamhuri utaiona bendi imesimama juani masaa manne ipige dakika kumi. Sijawahi kuona watu wa Kisumu wameketi kimya mbele ya watu ishirini na tatu (niliwahesabu) wenye vyombo vya shaba, bila jeneza na bila mwanasiasa. Mama mmoja muuza samaki aliyekuwa ameketi kando yangu alivumilia kidogo halafu akaniinamia akaniuliza polepole, "Fundi, na mwili uko wapi?" Nikamwambia mama, hakuna mwili, leo wanatupigia sisi. Akafikiria. Akasema basi watupigie tukiwa bado tunasikia, akatoa njugu akanigawia.

Hiyo ya bila mwanasiasa nimeisema haraka. Wacha nirudi hapo.

Karatasi ilisema saa nane kamili mchana. Saa nane kasoro robo wanabendi walikuwa wamefika wote, mashati meupe, wameshapima sauti, wametulia. Saa nane ikafika, ikapita. Mwenye kuendesha shughuli akashika maiki akasema tuwe na subira, mheshimiwa yuko njiani. Saa nane na nusu, mheshimiwa yuko njiani. Saa tisa, mheshimiwa amefika mahali fulani lakini kuna msongamano, sijui msongamano gani Jumamosi mchana maana mi nilitoka Kibuye kwa dakika kumi kwa mguu. Saa tisa na nusu akaingia mtu mwingine kabisa, mwakilishi, na vijana wake wanne, watu wakaondolewa kwa viti vya mbele ndio hao wakae, halafu akapewa maiki na akatuzungumzia mbolea. Mbolea, mhariri! Najua mwezi wa nne ni wa kupanda na mimi pia nina kashamba nyumbani, lakini robo saa nzima mbele ya tromboni tatu mtu anaeleza mambo ya mbolea na vile salamu za mheshimiwa ni nyingi. Bendi ikaanza saa kumi kasoro robo.

Kwa wale wasiojua hivi vyombo labda wanaona hakuna hasara, bendi si ilikuwa imekaa kivulini? Hasara iko. Chombo cha shaba kinataka joto la pumzi, ukikipuliza kinapata joto na sauti inapanda, ukikiweka chini kinapoa na sauti inashuka, na chombo kidogo hakipoi sawa na kikubwa, kwa hivyo bendi iliyopima sauti saa nane ikikaa bure saa moja na dakika arubaini na tano haiko tena pamoja, lazima ipime upya. Klarineti nayo ina tabia zake. Na midomo, midomo ni nyama, ukishaiamsha halafu uiache ilale inaamka ikiwa na uvivu, uliza mtu yeyote aliyewahi kupuliza. Mpiga koneti wa kwanza alikuwa ametoka kuzika Nyakach asubuhi hiyo hiyo, alikuwa na pumzi ya kupiga saa moja na nusu, hakuwa na ya kungoja.

Hata hivyo walipoanza, omera, walianza.

Wimbo wa taifa kwanza. Tulisimama wote na nusu ya ukumbi wakageuka kuangalia mlango, walidhani sasa mheshimiwa ameingia. Mi huwa nacheka kidogo moyoni tukisimama vile wima kama tumeitwa na polisi, maana huo wimbo ulitengenezwa na kamati ya watu watano mwaka 1963 na sauti yake waliitoa kwa wimbo wa akina mama Wapokomo wa kubembeleza mtoto alale. Na ukisikia umepigwa na bendi nzuri, polepole, besi zikiwa chini kabisa, unasikia kweli kuna mtoto anabebwa mgongoni.

Halafu machi moja, ule muziki wa gwaride, ya kuamsha watu. Halafu wimbo wa kanisa ambao kila mtu alijua na mama wa samaki akaimba teno, sijui kwa nini teno. Halafu ikaja benga, na hapo ndio nilijua mwalimu wa hiyo bendi ana kichwa. Benga ni gita, kila mtu anajua, na yeye hana gita hata moja, kwa hivyo alichukua koneti mbili akazifanya zijibizane kama gita mbili zinavyojibizana, moja inauliza na nyingine inamkatiza kabla hajamaliza, halafu tuba ikachukua kazi ya gita la besi, na mzee wa tuba ni jaduong' wa miaka zaidi ya sitini aliyestaafu kwa bendi ya kikosi fulani cha serikali, mtu mzito, lakini alivyokuwa anairusha ile besi utafikiri mtu anaruka mitaro Nyalenda. Watoto wakashuka mbele wakacheza. Kuna kamoja kaliona mtu wa tromboni akimwaga maji chini kakapiga kelele "anatema mate!" na ukumbi mzima ukacheka. Si mate kwa kweli, ni mvuke wa pumzi unaokutana na chuma baridi na kugeuka maji, mate ni kidogo tu, lakini nani atamweleza mtoto.

Halafu wakaita vijana watatu wa isukuti. Hiki ndicho kipande ningependa mwandishi wenu angekuwepo asikie (simlaumu, hata sisi tuliambiwa kwa mdomo tu). Ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, na njuga, zikaanza peke yake, bendi imekaa tu na vyombo magotini. Zikaenda zikaenda, watu wa Kakamega waliokuwa ukumbini wakaanza kutoa mabega, na pale wakati mtu anafikiria bendi imesahauliwa tromboni zote tatu zikaingia na noti moja ndefu mahali ambapo kwa kawaida ingelia pembe ya swara. Nywele zilinisimama. Hiyo isukuti ya Waisukha na Waidakho UNESCO waliiingiza mwaka 2014 kwa orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka visipotee, na mi nilikuwa nikifikiria kulinda ni kuweka kwa makumbusho na kuandika kibao. Kumbe unaweza kuilinda kwa kuikaribisha ikae kando ya tuba.

Nataka kusema kitu hapa kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na vijana wawili wakinong'ona ati hii ni mambo ya wazungu, tarumbeta na suti, afadhali wangeleta didjei. Kijana wangu, kama unasoma gazeti, sikiliza. Bendi ya Jeshi la Wokovu kweli ilianza Uingereza, mji unaitwa Salisbury, mwaka 1878, mzee mmoja mjenzi Charles Fry na wanawe watatu walikuwa wakilinda wahubiri wa barabarani wasipigwe na wahuni na wakabeba vyombo vyao, muziki ukawashinda wahuni kuliko ngumi. Likaja Kenya mwaka 1921 na likakubalika huku magharibi kuliko mahali pengi, mpaka 2008 wakagawanya nchi mara mbili na makao ya upande wetu yakawekwa Kakamega. Sawa, hilo lina wazungu ndani. Lakini Lamu na Mombasa watu walikuwa wanacheza beni tangu miaka ya 1890, na beni ni neno gani kama si bendi, waliona bendi za kijeshi wakasema hata sisi, mtaa na mtaa wakashindana kwa mavazi na vyeo na tarumbeta, halafu vita ya kwanza ya dunia askari na wapagazi wakaibeba mpaka Tanganyika na Malawi. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Kitu ambacho babu ya babu yako alikishindania na mtaa wa jirani bado unakiita cha mzungu, na hiyo didjei yako ilitoka Kano hapa jirani?

Nimeondoka kwa barabara kidogo. Narudi.

Baada ya isukuti kulikuwa na kipande cha yufoniamu peke yake, bendi ikimsindikiza kwa chini. Asiyeijua yufoniamu, ni kama tuba ndogo, sauti yake iko pale pale sauti ya mwanaume anaimba akiwa amefurahi lakini hataki kuonyesha. Mpigaji ni dada mmoja muuguzi, anafanya kazi zamu ya usiku. Mi nilijua hicho kipande kinakuja kwa sababu yufoniamu yake imekuwa kwa kibanda changu mara tatu tangu mwezi wa kwanza, na kila akija kuichukua lazima aijaribu, na kila akiijaribu ni kale kakipande kamoja, sehemu ya katikati inayopanda, alikuwa anakosea hapo, mwezi wa pili akakosea kidogo, mwezi wa tatu hakukosea. Miezi mitatu. Akitoka zamu asubuhi analala kidogo halafu anapuliza, majirani zake Manyatta wanamvumilia, Mungu awabariki.

Akasimama. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na kitu. Nje kulikuwa kumeingia giza lile la kwetu, mtu wa Kisumu anajua, asubuhi jua kali, mchana joto la ziwa, halafu jioni unaona upande wa Nandi kumekuwa kweusi na upepo unabadilika, ukishasikia harufu ya vumbi lililolowa una dakika tano. Akapiga noti nne, labda tano. Halafu mvua ikashuka kwa mabati.

Ule ukumbi hauna dari. Ni mabati na mbao tu, na mvua ya mwezi wa nne kwa mabati matupu si kelele tena, ni kama mtu amekumwagia kokoto kwa masikio. Hatukusikia kitu. Hata besi dramu ilikuwa inaonekana tu mkono ukienda na kurudi. Kiongozi wa bendi aliangalia juu mara moja, akamwangalia yule dada, na dada hakuacha. Alipiga mpaka mwisho. Mimi nilikuwa safu ya tatu na niliangalia vidole vyake, valvu ya kwanza, ya kwanza na ya pili, ya tatu, nikajua sasa amefika pale katikati panapopanda, nikaona kifua kikijaa, nikaona vidole vimepita vizuri bila kukwama, na sikusikia hata noti moja. Alipomaliza akainama. Wale tuliokuwa karibu tukapiga makofi, na makofi yenyewe hayakusikika.

Baada ya hapo ikawa ni fujo tu. Maji yakaingia chini ya mlango, watu wakavuta viti, mwakilishi na vijana wake walikuwa wameshaondoka zamani, walienda wakati wa machi. Bendi ilikuwa na vipande vingine vinne kwa karatasi, havikupigwa. Tukakaa pale tukiangaliana mpaka saa kumi na mbili mvua ikapungua, tuktuk zikapandisha bei, kila mtu akaenda kwake.

Sasa fanya hesabu na mimi. Programu nzima ilikuwa saa moja na nusu. Ingeanza saa nane ingeisha saa tisa na nusu, mvua ingetupata nyumbani tukikunywa chai. Yaani dakika ile ile mwakilishi anaingia mlangoni ndio dakika tungekuwa tunapigia bendi makofi ya mwisho. Tulipewa mbolea badala ya yufoniamu.

Mimi sina shida na viongozi kuja. Waje. Mtu wa kaunti akija kusikiliza bendi ni jambo zuri sana, pengine akisikia mvua kwa hayo mabati atakumbuka kuweka dari, kazi ambayo kwa hesabu ya fundi yeyote si ya kutafutia mkopo benki ya dunia. Shida yangu ni kungoja. Nina mpwa wangu yuko Marekani, anapuliza klarineti kwa bendi ya mji mdogo huko, bendi kama hii yetu, kuna daktari wa meno, kuna walimu, kuna wazee wamestaafu, wanafanya mazoezi jioni moja kwa wiki, na kila mwaka majira ya kuchipua wanafanya onyesho la bure. Alinitumia video kwa WhatsApp. Nikamuuliza mgeni wa heshima ni nani, akaniuliza mgeni wa heshima wa nini. Aliniambia meya wa mji siku hiyo alichelewa, akasimama nyuma kando ya mlango mpaka kipande kikaisha ndio akatafuta kiti. Sisemi Marekani kila kitu ni kizuri, huyo mpwa wangu kodi ya nyumba inamtoa machozi, lakini hiyo ya meya kusimama kando ya mlango niliirudia kuisoma mara mbili.

Na nadhani mwalimu wetu wa bendi wazo la mwezi wa nne alilitoa kwa hizo video za ng'ambo. Tofauti ni kwamba majira ya kuchipua kule maana yake theluji imeisha na watu wanatoka nje, sisi mwezi wa nne ndio tunakimbilia ndani. Wengine wameanza kusema basi wahamishe onyesho liende mwezi wa kwanza ama wa pili kukiwa kukavu. Mi napinga. Mwezi wa nne shule zimefungwa na karibu theluthi ya ile bendi ni wanafunzi, wako nyumbani, wana muda wa mazoezi kila siku. Januari hao wote wako bweni na mzazi anatafuta karo, nani atakuja kusikiliza tromboni?

Mwezi uwe huo huo, saa ndio ibadilike. Saa nne asubuhi. Huku kwetu mvua ya saa nne asubuhi hutokea, lakini ni ya kuhesabu kwa vidole, hii nyingine ya jioni inakuja na saa yake kama treni ya zamani. Najua kiongozi wa bendi atanijibu, Fundi, Jumamosi asubuhi tuko mazishini. Na ni kweli, na siwezi kumwambia aache, hizo mazishi ndizo zinanunua mafuta ya valvu na nauli ya vijana. Jumapili nayo ni kanisa, nusu ya bendi wanapiga makanisani kwao. Kwa hivyo nimefikiria, na hapa ndio naomba wanabendi wasome vizuri, mchukue Jumatatu ya Pasaka. Ni sikukuu, watu wako nyumbani na wamechoka kula, mazishi siku hiyo ni machache, na asubuhi ukumbi huwa hauna mtu. Andikeni saa nne kamili kwa karatasi na saa nne kamili kiongozi ainue mkono. Mheshimiwa akiwa ndani, asimame na sisi kwa wimbo wa taifa. Akiwa njiani, atatukuta.

Kitu kingine nakipitia haraka. Wazazi wameniuliza kwa kibanda, mtoto aanze na chombo gani. Yoyote atakayopewa. Uzuri wa bendi ya shaba ya mtindo huu ni kwamba karibu vyombo vyote vinasoma noti kwa namna moja na vidole ni vile vile, mtoto akijifunza koneti leo, kesho jaduong' wa tuba akichoka anaweza kuhamia kule chini bila kuanza upya, ni midomo tu ajizoeze. Tromboni ndio haina valvu, hiyo ni ya mkono na masikio. Na asiogope noti za mistari, nusu ya hao ishirini na tatu walitoka kwaya na walikuwa wanajua solfa peke yake, do re mi, mwalimu huwaandikia kwa mkono mpaka wakazoea. Lakini tafadhali, tafadhali, wazazi na wanabendi, msitie mafuta ya kupikia kwa valvu. Yanaganda yanakuwa kama gundi. Kama hamna mafuta yake, afadhali ya cherehani, kidogo. Na tuba ikipasuka msiipeleke kwa mtu wa weldingi, ile brasi ni nyembamba kama nusu milimita, weldingi inaitoboa papo hapo, inataka risasi na moto mdogo na mtu mwenye subira.

Jumanne iliyofuata yule dada muuguzi alikuja kwangu na yufoniamu kwa mfuko wa plastiki. Maji ya mvua yalikuwa yameingia na valvu ya tatu ilikuwa imekwama, na nikifungua nakuta pia kuna mtu alikuwa ameisaidia na mafuta ya kupikia, sikuuliza ni nani. Nikaiosha, nikaikausha, nikaipaka mafuta, nikamwambia jaribu. Nilidhani atapiga noti mbili tatu kama kawaida. Akakaa kwa ile tairi ya lori ninayotumia kama kiti cha wateja akapiga kipande chote, mwanzo mpaka mwisho, na pale katikati akapanda bila shida. Saa nne asubuhi, jua limewaka, hakuna wingu hata upande wa Nandi. Watu wa kugonga masufuria wakaacha kugonga. Konda mmoja akasimama na mlango wa matatu mkononi. Jirani yangu wa kushona viti vya magari akatoka nje akiwa ameshavua kofia, akanisogelea akaniuliza ni nani huyo ametuacha.

Nikamwambia hakuna mtu, ni valvu ya tatu.

Fundi wa Radieta,
Kibuye, Kisumu